Jalala, nguzo za umeme au majitaka vikiletwa mtaani: mahakama inaweza kufanya nini?

Wadau, maneno "serikali imeshaamua" huwa yanawaishia watu nguvu kabisa. Greda limefika, vigingi vimepigwa, mtendaji anasema hapa linakuja jalala la manispaa, au zinapita nguzo za umeme mkubwa, au yanachimbwa mabwawa ya majitaka. Vijiweni watu wanalalamika wiki mbili tatu, halafu wanazoea. Wachache sana wanajua kwamba uamuzi wa namna hiyo, hata kama umeshapigwa muhuri, unaweza kupelekwa mbele ya jaji ukakaguliwa. Na wachache zaidi wanajua kwamba hapahapa Tanzania wananchi wa kawaida walishafanya hivyo, wakashinda.

Makala hii inaeleza jinsi ukaguzi huo unavyofanya kazi, kesi zipi zimetengeneza njia, na wapi watu hukwama. Mifano ya kuelezea nitaiweka Itetemia, kata ya Manispaa ya Tabora, ili mambo yasielee hewani. Tuelewane mapema: sisemi kuna mradi wowote pale, Itetemia ni mfano tu. Kesi nitakazozitaja ndizo za kweli.

MAPITIO YA MAHAKAMA NI NINI?

Wengi wanadhani ukienda mahakamani jaji atapima kama jalala likae Itetemia au lipelekwe upande mwingine wa mji. Hapana. Jaji si afisa mipango miji wala si mhandisi, na mwenyewe atakwambia hivyo. Anachokagua ni namna uamuzi ulivyofikiwa. Aliyeamua alikuwa na mamlaka? Alifuata hatua zilizowekwa na sheria? Aliwasikiliza wanaoguswa? Aliangalia mambo aliyotakiwa kuyaangalia?

Ndiyo maana tunasema mapitio si rufaa. Kwenye rufaa, mahakama inaweza kusema uamuzi ulikuwa mbaya na kuweka wake. Kwenye mapitio, mahakama inasema uamuzi haukufanywa kisheria, kwa hiyo haupo, rudini mkaanze upya. Mkianza upya kwa kufuata sheria, mnaweza hata kufika palepale mlipokuwa. Hili watu hulisahau, nitalirudia mbele.

Kwa Tanzania Bara kazi hii ni ya Mahakama Kuu. Mtu wa Tabora hana haja ya kupanda treni mpaka Dar es Salaam, kwa sababu Mahakama Kuu ina kanda yake Tabora mjini. Sheria inayotumika ni Sura ya 310, ile yenye jina refu linaloanzia na marekebisho ya sheria na ajali zinazosababisha vifo. Jina halifanani na kazi, lakini ndani yake ndimo mlimo na amri tatu ambazo jaji anaweza kuzitoa dhidi ya mamlaka ya umma:

- Amri ya kufuta uamuzi. Mawakili huiita certiorari. Uamuzi uliofanyika unafutwa kama vile haujawahi kuwepo.
- Amri ya kuzuia. Mamlaka inakatazwa kufanya au kuendelea na jambo ambalo haina ruhusa ya kulifanya.
- Amri ya kulazimisha. Hii ni mandamus. Mamlaka inaamriwa kutimiza wajibu ambao sheria imeiwekea na yenyewe imeukwepa.

Kumbukeni hizo tatu, manake kesi inayofuata ilizitumia zote kwa pamoja.

KESI MAMA: TABATA, KISHA KUNDUCHI MTONGANI

Miaka ya 1980 takataka za Dar es Salaam zilikuwa zinamwagwa Tabata. Moshi, harufu, inzi, usiku na mchana, na nyumba zipo palepale. Wakazi waliishitaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, Kesi ya Madai Na. 299 ya mwaka 1988. Ile ilikuwa kesi ya kawaida ya madai ya usumbufu na madhara, haikuwa mapitio. Walishinda, na Jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka Tabata na kutafuta mahali pengine.

Jiji likafanya nini? Likaomba muda. Muda ukaisha, likaomba tena. Mwaka 1991 ombi la kuongezewa muda likafika kwa Jaji Lugakingira, naye akakataa. Alishangaa kuona mamlaka ya umma inakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Aliiunganisha hoja hiyo na Ibara ya 14 ya Katiba, inayosema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Hapo ndipo wanasheria wa Tanzania walipoanza kusema kwa kujiamini kwamba moshi wa jalala unaweza kuwa suala la haki ya kuishi, mbali na kuwa kero ya majirani.

Sasa basi, taka zikakosa Tabata. Jiji likageukia Kunduchi Mtongani, eneo ambalo nalo lilikuwa na makazi ya watu. Wakazi 750 wa kule wakaenda Mahakama Kuu, Maombi Na. 90 ya mwaka 1991. Safari hii walipita mlango wa mapitio: hawakudai fidia ya harufu, waliushambulia uamuzi wenyewe wa kuigeuza Kunduchi Mtongani kuwa jalala. Mahakama ikawapa amri zote tatu. Uamuzi ukafutwa. Jiji likazuiwa kuendelea kumwaga taka pale. Halafu likalazimishwa kutimiza wajibu wake kwa mujibu wa sheria, yaani kuandaa mahali panapofaa pa kutupa taka na kupatumia.

Angalieni akili iliyokuwepo kwenye maombi yale. Wangeomba kufuta tu, Jiji lingeweza kufanya uamuzi mwingine kesho yake. Wangeomba kuzuia tu, takataka zingebaki mitaani na lawama zingewarudia wao. Waliomba na ile ya tatu, inayosema kazi ya kutafuta jalala ni ya Jiji na lazima ifanyike sawasawa. Mpaka leo mtu anayetaka kupinga mahali pa jalala, kituo cha umeme au mabwawa ya majitaka anaweza kujifunza kutoka kesi ile.

SABABU SITA ZA KUUPINGA UAMUZI

Kuchukia mradi si sababu kisheria. Mahakama ya Rufani, katika kesi moja iliyoripotiwa mwaka 1990, ilizipanga sababu zinazoweza kuufanya uamuzi ufutwe. Nazieleza hapa kwa lugha yetu, kila moja na mfano wa kubuni wa Itetemia.

1. Kuzingatia mambo yasiyohusika. Tuseme kumbukumbu za kikao zinaonyesha Itetemia imechaguliwa kwa sababu mtaa fulani ulimpigia kura diwani wa chama kingine. Kura hazina uhusiano wowote na jalala.

2. Kuacha mambo yaliyotakiwa kuzingatiwa. Maji ya kisima yanatoka wapi? Shule ipo umbali gani? Mvua ikinyesha uchafu unatiririkia wapi? Kwa Tabora kuna jambo la ziada. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone, ni moja ya vituo sita ambavyo Tanzania iliviingiza mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya UNESCO pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Mamlaka ikiweka mtambo kwenye njia hiyo bila hata sentensi moja kuhusu historia iliyopo pale, kuna swali la kuuliza.

3. Kukosa mamlaka au kuyavuka. Sheria imempa Baraza la Madiwani kazi hiyo, lakini uamuzi umetolewa na ofisa mmoja kwa barua. Au mamlaka ya maji imegawa ardhi ambayo si yake kugawa.

4. Uamuzi usioingia akilini hata kidogo. Hapa kipimo ni kigumu, na asili yake ni kesi ya Wednesbury ya Uingereza ya mwaka 1948. Haitoshi kusema wewe ungeamua vingine. Lazima uonyeshe kwamba hakuna mamlaka yenye busara ingeweza kufika hapo, mfano kuweka jalala juu ya chanzo pekee cha maji ya kunywa.

5. Kuvunja kanuni za haki ya asili. Kubwa kuliko zote ni haki ya kusikilizwa kabla ya kuguswa, na Katiba imeitaja katika Ibara ya 13(6). Kuitwa kwenye mkutano siku greda linafika si kusikilizwa. Hiyo ni taarifa ya msiba.

6. Kukiuka sheria au utaratibu. Mradi ulitakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, haikufanyika. Mchoro wa mipango miji unasema eneo ni la makazi, nao hawakuubadilisha kwa njia iliyowekwa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo sababu inayothibitishika kirahisi zaidi, kwa kuwa unalinganisha karatasi na karatasi.

Mtu mwenye sababu moja iliyo na ushahidi yuko mbele ya mtu mwenye sababu zote sita na kelele.

SAA INAKIMBIA

Hapa ndipo watu wengi wanapopotelea. Kwa kanuni za mwaka 2014 chini ya Sura ya 310, mapitio yana hatua mbili. Kwanza unaomba kibali cha Mahakama Kuu. Ombi hilo lazima liingie ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ufanyike. Kwenye hatua hii jaji anaangalia kama kuna jambo la kubishaniwa na kama wewe unahusika. Ukipewa kibali, una siku 14 tu za kuwasilisha maombi yenyewe. Ukisema utakuja baada ya mavuno, kibali kimeshalala.

Miezi 6 inaonekana mingi, lakini hesabu jinsi inavyoliwa. Mwezi wa kwanza hamjui kama uamuzi umefanyika. Mwezi wa pili mnamfuata mtendaji wa kata. Wa tatu mnaenda kwa diwani. Wa nne mnaandika barua kwa mkurugenzi. Wa tano mkuu wa wilaya anaahidi kuja. Wa sita amekuja, kawapoza, kaondoka. Wa saba mnatafuta wakili. Kwisha habari! Kuzunguka ofisini hakusimamishi saa ya mahakama. Unaweza kuomba kuongezewa muda, ila lazima uwe na maelezo mazito ya kila siku iliyochelewa.

Mfano mkubwa wa kuumizwa na muda unapita mkoani Tabora. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda mpaka Chongoleani Tanga, linapita Nzega na Igunga, na kiwanda cha kuyapaka mabomba yale kinga dhidi ya joto na kutu kiliwekwa kijiji cha Sojo, Nzega. Mwaka 2020 asasi nne kutoka Afrika Mashariki zilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha kulipinga. Tarehe 29 Novemba 2023 mahakama ililitupa. Jaji hakusema bomba ni zuri wala baya. Alisema wamechelewa: mkataba wa Jumuiya unatoa miezi 2 tu ya kufungua shauri, na makubaliano kati ya Uganda na Tanzania yalisainiwa 2017. Rufaa yao nayo ilishindwa mwishoni mwa 2025. Hoja zote za maji, misitu na fidia zilibaki nje ya mlango kwa sababu ya kalenda.

Kwa hiyo siku ya kwanza ukisikia fununu, andika tarehe.

NANI ANARUHUSIWA KUPELEKA KESI?

Kwenye mapitio lazima uwe na maslahi yanayoguswa. Mkazi wa Itetemia ambaye jalala lipo jirani na nyumba yake hana shida hapo. Kazi inakuwa kwa asasi au mtu wa mbali anayetaka kusaidia.

Jaji yuleyule Lugakingira, katika kesi maarufu ya Mchungaji Christopher Mtikila ya mwaka 1993 kuhusu mgombea binafsi, alifungua mlango mpana kwa raia kushitaki kwa niaba ya umma. Miaka mingi baadaye, 2020, sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ilirekebishwa: anayefungua shauri la kikatiba la aina hiyo akawekewa sharti la kuapa jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Upande mwingine, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 bado ina maneno mapana yanayompa mtu yeyote nafasi ya kuchukua hatua kulinda haki ya mazingira safi, salama na yenye afya.

Kiutendaji maana yake ni hii: waombaji wawe wakazi wenyewe, kwa majina na sahihi zao. Asasi ikae pembeni iwape nguvu. Kunduchi walikuwa watu 750, hawakusubiri mtu wa kuwasemea.

KARATASI KABLA YA KELELE

Mapitio huendeshwa zaidi kwa viapo na nyaraka. Hakuna kumleta shahidi alie mbele ya jaji kama kwenye sinema. Usipokuwa na karatasi huna kesi. Hizi hapa za kutafuta mapema:

- Uamuzi wenyewe: barua, tangazo, au muhtasari wa kikao cha Baraza la Madiwani. Bila kuonyesha uamuzi, jaji atauliza mnataka nifute nini.
- Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na cheti chake. Mamlaka iliyosimamia hili kwa miaka mingi ni NEMC. Angalia sehemu ya ushirikishwaji: ni nani wanatajwa kuhudhuria, sahihi ni za nani, tarehe gani. Imeshatokea sehemu nyingi watu wakakuta mahudhurio ya posho yamegeuzwa kuwa ridhaa ya mtaa.
- Mchoro wa mipango miji wa eneo. Upo ofisi ya ardhi ya halmashauri.
- Muhtasari wa mikutano ya mtaa wenu wenyewe. Kama mlipinga kwenye mkutano na haikuandikwa, kwa jaji hamkupinga. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji waandike, na nakala ibaki kwenu.
- Picha zenye tarehe, za vigingi, mashine na visima vilivyo karibu.

Mkinyimwa nyaraka, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Andika barua, peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ofisi ina siku 30 kukujibu. Hata ukimya wao utakufaa baadaye, kwa kuwa unaweza kuuambatanisha kwenye kiapo.

Lugha isiwatishe. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa pale inapobidi. Wakili mnamhitaji, hilo sitawadanganya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, na kuna asasi kama LEAT na LHRC ambazo zimekaa na masuala ya namna hii kwa miaka mingi.

LAMU: USHIRIKISHWAJI WA KWELI NA WA PICHA

Tutoke Bara kidogo twende pwani ya Kenya. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 Lamu, karibu na Mji Mkongwe ambao ni Urithi wa Dunia tangu 2001. Wakazi kupitia asasi ya Save Lamu wakaenda Baraza la Taifa la Mazingira, ambalo kule ndilo la kwanza kusikiliza malalamiko ya leseni. Kenya muda wa kukata rufaa hiyo ni siku 60, nao waliuwahi.

Tarehe 26 Juni 2019 Baraza likaifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji. Mikutano ilifanyika, picha zilipigwa, lakini ilifanyika kabla utafiti haujakamilika, kwa hiyo watu waliulizwa maoni juu ya kitu ambacho majibu yake hayakuwepo. Ripoti ilipotoka, haikuwafikia kwa namna ambayo wangeielewa na kuijibu. Baraza liliona pia kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilikuwa imepuuzwa. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ya Malindi ikaukubali uamuzi wa Baraza.

Somo kwa Itetemia, au mtaa wowote: usiishie kuuliza kama mkutano ulifanyika. Uliza ulifanyika lini, watu walikuwa na taarifa gani mkononi siku hiyo, na maoni yao yalibadilisha nini. Mkutano wa bila taarifa ni mkusanyiko tu.

Hapa nitoe angalizo. Uamuzi wa Kenya hauwafungi majaji wa Tanzania. Wakili anaweza kuutumia kushawishi, na majaji wetu husoma, lakini si amri. Pia Katiba ya Kenya ya 2010 imeandika ushirikishwaji na haki ya mazingira kwa maneno ya wazi kuliko yetu. Kwetu hoja hiyo hupitia zaidi Sheria ya Mazingira ya 2004, kanuni za tathmini na haki ya kusikilizwa.

UKISHINDA, UMESHINDA NINI?

Nilisema nitarudi hapa. Uamuzi ukifutwa, suala linarudi kwa yuleyule aliyeamua mwanzo. Anaweza kuita mikutano sawasawa, akafanya tathmini upya, akasikiliza, kisha akaamua palepale. Kisheria yupo sawa.

Lakini msidharau. Kule Marekani, mto Hudson jimbo la New York, kampuni ya umeme ya Consolidated Edison ilitaka kujenga mtambo mkubwa wa umeme wa maji kwenye mlima Storm King. Mwaka 1965 mahakama ya rufaa ilirudisha kibali kwa tume iliyokitoa, ikisema haikuchunguza vya kutosha njia mbadala. Mahakama haikusema msijenge. Tume ikaanza upya na baadaye ikatoa kibali kingine. Mvutano ukaendelea, na mwaka 1980 kampuni ikakubali kuachana na mradi. Kurudishwa mwanzo kunawapa watu muda, na kunamlazimisha mtoa uamuzi atoe sababu zake hadharani.

Upande wa pili wa ushindi haupendezi, na lazima tuuseme. Rudini kwenye takataka za Dar es Salaam. Tabata wakashinda, magari yakaenda Kunduchi. Kunduchi wakashinda, magari yakaenda Vingunguti. Mwaka 2000 wakazi wa Vingunguti nao wakawa Mahakama Kuu. Baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Taka hazikupungua hata kilo moja kwa sababu ya hukumu. Zilihama, na kila zilipohama zilitafuta watu ambao bado hawajapata wakili.

Ndiyo maana amri ya kulazimisha ndiyo yenye uzito mkubwa, na ndiyo husahaulika kirahisi. Itetemia ikishinda kwa kusema tu "si hapa kwetu", greda litawasha taa na kwenda kata ya jirani, na wakazi wa kule ni shemeji zenu na wateja wenu sokoni. Ikishinda kwa kusema "fuateni sheria: pimeni maeneo yote, toeni ripoti, sikilizeni, kisha jengeni jalala linalostahili kuitwa jalala", basi hata kata ya jirani imelindwa. Mji unahitaji mahali pa taka, umeme unahitaji nguzo, na majitaka ya Tabora hayawezi kuachwa yapotee yenyewe, hasa tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini na matumizi kuongezeka. Swali la haki ni nani anabeba mzigo na kama aliulizwa.

MLANGO WA FIDIA

Kuna watu hawapingi mradi, wanataka haki yao tu. Hao mapitio si mlango wao wa kwanza. Ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, sheria za ardhi za 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kwa kanuni za 2001, kuchelewesha malipo zaidi ya miezi 6 kunaanza kuzaa riba. Ukitaka kufungua kesi ya madai dhidi ya serikali au halmashauri, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Kesi nyingi hufa kwa kukosa notisi hiyo.

Na gharama? Aliyeshindwa anaweza kuamriwa amlipe mwenzake gharama za kesi. Jaji ana uhuru wa kusema kila mtu abebe zake, na kwenye kesi za umma hilo hutokea, lakini halina uhakika. Mjadiliane mapema kabla mtu mmoja hajaweka jina lake peke yake juu ya karatasi.

KWA KIFUPI

- Mahakama haikuchagulii mahali pa mtambo. Inakagua jinsi palivyochaguliwa.
- Hesabu miezi 6 kuanzia siku ya uamuzi, na siku 14 baada ya kibali.
- Tafuta sababu moja yenye karatasi. Kukosekana kwa tathmini au kwa kusikilizwa ndiko kuzuri kuanza nako.
- Wakazi wenyewe wawe waombaji.
- Omba amri zote tatu. Usiiache ya kulazimisha.

Kijana unayesoma hapa, pengine hukai kwenye mikutano ya mtaa kwa sababu unaona ni ya wazee. Lakini siku vigingi vikipigwa, anayejua kutafuta sheria mtandaoni, kuandika barua ya kuomba nyaraka na kupiga picha yenye tarehe ni wewe. Wazee wana kumbukumbu ya mipaka na visima, wewe una haraka. Miezi 6 inawahitaji wote wawili. Kazi kwenu wadau, na kama mtaani kwenu kuna uamuzi wa namna hii, anzeni kwa kuandika tarehe yake.